Filimbi Kati ya Meno

Kazi ya Bi Kofia ilianza kila siku na beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Aliyapima kwa kiwiko kama anayetaka kuogesha mtoto mchanga, akatumbukiza kofia ndani yake, akaikamua, akaigeuza, akaikamua tena. Kofia yenyewe haikuwa ya kuvaliwa barabarani. Ilikuwa ya kitambaa chembamba kinachovutika, kimetobolewa matundu kila mahali, na katika kila tundu mlikuwa na kipande cha sifongo kilichoshikana na waya. Ilipotundikwa ukutani ikauke, mgeni asiyejua angedhani ni mnyama aliyevuliwa mahali fulani akaletwa pale kuchunguzwa.

Jina lake halisi lilikuwa mlangoni, chini ya cheo chake, lakini wagonjwa hawakulitumia. Mke wa mgonjwa mmoja aliyejulikana kama Refa ndiye aliyemwita Bi Kofia siku ya kwanza walipokutana, na jina likamganda mpaka wahudumu wa korido nzima wakasahau lile jingine. Naye hakuwa na nguvu za kulikataa. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo usingizi hauisaidii. Aliamka nayo asubuhi kama mtu anavyoamka na viatu miguuni.

Maabara yao ilikuwa chumba cha chini cha hospitali, ukuta kwa ukuta na chumba cha kufulia mashuka. Mashine za kufulia zilipofika kwenye mzunguko wa kukausha, meza ilitetemeka na mistari kwenye skrini ikatetemeka nayo, hivyo kazi ilibidi isubiri mashuka yakauke.

"Leo wanafua nini huko?" aliuliza mke wa Refa, taulo begani. "Mahema?"

"Mama, leo ni Jumanne. Jumanne ni mapazia."

"Haya. Tuyasubiri mapazia."

Mumewe alikuwa katika kiti cha magurudumu, mkanda umempita kifuani asije akaporomoka. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa refa wa mpira wa miguu, na mtaani kwao hata watoto waliozaliwa baada ya yeye kustaafu walimjua kwa cheo hicho. Maradhi yalianza na kidole gumba cha kulia, kilichoshindwa asubuhi moja kufunga kifungo cha shati. Yakapanda begani, yakavuka upande wa pili, yakashuka miguuni, na mwishowe yakaingia ulimini. Misuli ilikuwa ikizimika mmoja baada ya mwingine, kama taa za jengo ambalo mlinzi anafunga vyumba kwa zamu. Akili haikuguswa. Refa alisikia kila neno, alielewa kila mzaha, na alikasirika kama zamani. Alichokosa ni njia ya kuyatoa yaliyomo. Alibakiwa na macho aliyoweza kuyainua na taya lililoweza kutafuna chakula laini.

Alizungumza kwa ubao. Mkewe aliushika mbele yake, herufi zimepangwa kwa safu, akapitisha kidole safu baada ya safu. Refa alipoinua macho, kidole kilisimama. Kisha kikatembea ndani ya safu mpaka macho yainuke tena. Hiyo ilikuwa herufi moja. Kuinua macho kulikuwa ndiyo, kuyafumba kulikuwa hapana. Lakini siku hizi, ikifika jioni, kope zilianguka zenyewe na hapana zikazidi kuwa nyingi kuliko alizokusudia. Daktari wake alikwisha sema bila kuzunguka: kope nazo zina zamu yao.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kofia. Mtu anapowaza kuunyanyua mkono, hata asipounyanyua, sehemu ndogo ya ubongo karibu na utosi hubadili mdundo wa umeme wake. Wazo la mkono wa kulia hubadili mdundo upande wa kushoto wa kichwa. Wazo la mkono wa kushoto hubadili upande wa kulia. Kofia hunasa mdundo huo, na programu ya kompyuta, baada ya kuoneshwa mifano mingi, hujifunza kutofautisha wazo hili na lile. Ikishajifunza, duara jeupe kwenye skrini huenda kulia au kushoto. Anayeweza kuliongoza duara anaweza kuchagua ndiyo au hapana, herufi hii au ile, bila kope, bila ulimi, bila kitu chochote kinachooza.

Alhamisi ya wiki ile wafadhili wangekuja kutazama. Walikuwa wameleta mashine moja ndogo, ya kubebeka, ya kwenda kuishi nyumbani kwa mgonjwa. Angepewa mgonjwa mmoja tu, yule ambaye matokeo yake yangethibitisha kwamba anaiongoza kwa wazo. Waliokuwa wakiiwania ni wawili: Refa, na msusi mmoja aliyevunjika shingo, ambaye matokeo yake yalikuwa ya wastani. Ya Refa yalikuwa ya kushangaza. Profesa, mkuu wa maabara, alikuwa amekwisha yatuma kwa wageni.

Hayakuwa hivyo mwanzoni. Bi Kofia alikuwa amemwagiza awaze kufinya mpira mdogo, kama maelekezo yanavyosema, na duara likawa linazurura kama ng'ombe asiye na mchungaji. Ndipo akamwambia, "Mzee wangu, achana na mpira wangu. Chagua kitendo ambacho mwili wako unakijua wenyewe." Refa akainua macho, na kwa muda uliotosha kupika chai, mkewe akasoma ubaoni maneno mawili: PENALTI na SAA. Kwa mkono wa kulia angeonesha penalti, mkono umenyooka kuelekea kwenye doa. Kwa mkono wa kushoto angegeuza kifundo atazame saa. Tangu siku hiyo duara lilimtii, hasa kulia, na Profesa akaanza kupita mlangoni akijifanya anatafuta kalamu.

Mapazia yalipokauka, wakaanza. Mshale ulitokea kwenye skrini ukielekea kulia. Refa akawaza penalti. Duara likakimbia kulia. Mshale wa kushoto, akawaza saa, duara likaenda kushoto, polepole kidogo.

"Uhisi kutoka ndani," Bi Kofia alirudia kwa mazoea. "Usijitazame kama uko kwenye televisheni. Bega, kiwiko, vidole."

"Anajua, mwanangu. Umelisema mpaka na mimi usiku nalala nawaza bega na kiwiko."

"Na unapata chochote?"

"Napata usingizi. Ni dawa nzuri sana hii yako."

Kona za macho ya Refa zilikunjika. Hicho ndicho kilichokuwa kicheko chake.

Walipopumzika, mke wa Refa akatoa kibakuli cha viazi vilivyopondwa, akaketi mbele ya mumewe na kijiko. Bi Kofia aliegemea kiti akafumba macho. Alipaswa kuisimamisha programu kwanza. Ndivyo alivyowafundisha wanafunzi wake, kwamba kila hatua ina mahali pake. Hakuisimamisha. Aliamshwa na kicheko.

"Hee! Mwanangu, tazama huku! Hata akila anafunga mabao!"

Akafumbua macho. Refa alitafuna, na duara likaruka kulia. Akameza, likarudi katikati. Kijiko kingine, taya likafunga, duara likakimbia kulia mpaka likagonga ukingo wa skrini na kukaa pale likitetemeka.

Mke wa Refa alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya taulo. Bi Kofia hakucheka. Mara moja alielewa, na dalili hakuwa ameiona leo tu. Wiki nyingi nyuma alikuwa ameona kwamba programu ilitilia maanani zaidi sifongo za pembeni, zilizo juu ya masikio, kuliko zile za karibu na utosi ambako wazo la mkono hukaa. Alikuwa amejiambia kwamba ataliangalia kesho. Kesho ikaja na mafaili, na mgonjwa mwingine, na lifti mbovu, na jambo lenyewe likalala.

"Mama, subiri kidogo na hicho kijiko," alisema. "Mzee, nakuomba ung'ate meno. Usiwaze mkono wowote. Ng'ata tu, halafu achia."

Refa aking'ata, duara lilikwenda kulia. Akiachia, lilirudi.

"Sasa waza penalti."

Akaweka kiganja chake shavuni mwa mzee. Chini ya vidole vyake msuli wa taya ulisimama, mgumu kama kokwa.

"Waza saa."

Msuli ukalala. Duara likaenda kushoto.

Akaondoa mkono. Refa alikuwa akimtazama kwa mshangao wa mtu aliyeambiwa kwamba anaongea usingizini. Hakujua. Bi Kofia angeweza kuapa kwamba hakujua.

"Mzee wangu, ulipokuwa ukionesha penalti, filimbi ilikuwa wapi?"

Aliyejibu ni mkewe. "Mdomoni, itakuwa wapi tena? Kaing'ata kama mtu anayetaka kuila. Nimemnunulia filimbi sijui ngapi, zote anazitoboa kwa meno." Kisha akatulia. "Na akitazama saa, filimbi huwa iko mkononi. Mungu wangu."

Huo mwili ulikuwa umejifunza penalti pamoja na filimbi, na haukujua kutenga moja na nyingine. Kila Refa alipowaza mkono wa kulia, meno yalikwenda kuitafuta filimbi isiyokuwepo. Msuli wa taya unapokaza hutoa umeme mwingi kuliko wazo, nao hutapakaa mpaka kwenye panja, juu ya masikio, mahali pale pale palipokuwa na sifongo za pembeni. Programu ilikuwa imeombwa itofautishe kulia na kushoto, ikachukua njia nyepesi. Ilijifunza meno. Wazo la mkono halikuisumbua hata kidogo.

Bi Kofia aliwaeleza hayo kwa utaratibu, kama alivyoeleza mambo yote, kwanza hili na kisha lile. Kule upande wa pili wa ukuta mtu aliburuta toroli la mashuka.

"Sasa," mke wa Refa alisema mwishowe, "kuna ubaya gani? Duara si linakwenda?"

"Linakwenda kwa taya, mama. Si kwa wazo."

"Kwani wageni wanataka liende kwa nini? Kwa baiskeli? Limekwenda, limekwenda." Alikuwa amekwisha inua ubao, kwa maana macho ya mumewe yalikuwa juu. Kidole kilipita. A. C. H. A.

"Acha," alisoma. "Umemsikia. Acha hivyo hivyo."

Bi Kofia alivuta kiti chake karibu mpaka magoti yake yakagusa magurudumu. Kwa muda mrefu watu walikuwa wamemwona Refa kuwa mtu asiyekubali hata mpira urushwe hatua moja nje ya mahali pake. Ilimuuma kumwona akiomba bao hili lipite. Lakini hakuwa na haki ya kumlaumu. Si yeye aliyefungiwa chumbani humo huku taa zikizimwa.

"Mzee, taya bado lipo. Kesho nakutengenezea kengele ya taya, ung'ate iite. Hilo ni jambo dogo. Ila mashine hii tunakupa kwa ajili ya siku ambayo taya halitakuwepo. Nikikupa iliyojifunza meno, siku hiyo itanyamaza pamoja na meno. Na sitaweza kuifundisha upya, kwa sababu nitakuuliza kama nimekosea, na hutakuwa na chochote cha kunijibu nacho. Wewe utakuwa ndani, sisi nje. Kufundisha ni sasa, wakati bado unaweza kunikatalia."

Refa alifumba macho. Haikujulikana kama ilikuwa hapana, au kope zilianguka, au hakutaka tu kuwaona. Aliyafumba mpaka mkewe alipomvua kofia, akamkausha shingo, akamfunika mabega.

"Mwezi uliopita alikuwa bado anatafuna mkate," mke wa Refa alisema mlangoni, kwa sauti ya chini, akiwa amempa mumewe mgongo. "Nikajidanganya kwamba ni mkate mbaya. Nikabadilisha duka."

Akasukuma kiti, wakaenda.

Profesa alimkuta Bi Kofia bado amekaa mbele ya skrini. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama, kisha akaketi juu ya beseni lililopinduliwa, koti lake jeupe likagusa sakafu.

"Umegundua leo," alisema. "Katika siku zote, leo."

"Nilipaswa kugundua mapema."

"Na mimi nilipaswa kuuliza. Sikuuliza kwa sababu niliyapenda yale matokeo." Alijikuna kidevu. "Unajua nimeiombea mashine ile kwa muda gani? Nimewaandikia watu mpaka wengine wakadhani nauza dawa ya nywele. Ukiisafisha kazi ya Refa, ukamtoa taya, anabaki na nini?"

"Kubahatisha tu. Kama kurusha sarafu."

"Basi mashine inakwenda kwa msusi."

"Najua."

"Na Refa unamwambia nini?"

"Nimekwisha mwambia. Amefumba macho."

Profesa alijikuna kidevu tena. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezeeka akingoja jambo moja lifanikiwe mbele ya macho ya watu. "Wageni hawatauliza habari ya meno," alisema, lakini alilisema kama anayepima tu lingesikikaje, akainuka kabla hajajibiwa. "Nenda kalale, binti yangu. Una sura ya shuka la huko jirani."

Asubuhi yake, kabla Bi Kofia hajaweka maji motoni, magurudumu yalisikika koridoni.

"Hakulala," alitangaza mke wa Refa, "na asipolala yeye, mimi nalalaje? Yule akikereka, kitanda kizima kinajua. Alfajiri ndiyo akataka ubao. Nikamwambia, wewe bwana, hata jua halijaamka. Macho juu! Basi, nikachukua ubao."

"Amesema nini?"

"Kibendera."

Bi Kofia alimtazama Refa. Refa aliinua macho juu, akayashusha, kwa dharau kidogo.

"Kabla hawajampa filimbi," mkewe alieleza huku akimfunga taulo shingoni, "alikuwa mshika kibendera. Anakimbia pembeni ya mstari, mpira ukitoka ananyanyua kibendera. Filimbi hakuwa nayo, mdomo mtupu, anahema tu. Aliichukia kazi ile! Akirudi nyumbani anasema, leo tena nimeshinda nikipepea nguo kama mtu anayefukuza nzi. Siku alipopandishwa cheo nilikichoma kile kibendera kwa amri yake."

"Kwa hiyo tunamshusha cheo."

"Unamshusha, mwanangu. Mimi simo."

Kona za macho zikakunjika, ingawa kwa taabu.

Bi Kofia alibandika waya mmoja wa ziada shavuni mwa Refa, juu ya msuli wa taya, na kuuonesha chini kabisa ya skrini kama mstari wa peke yake. Sharti lilikuwa rahisi: mstari ukipanda, jaribio hilo linatupwa. Kisha akaifuta programu yote iliyokuwa imejifunza meno. Kidole kilisita juu ya kitufe; ndani yake mlikuwa na kazi ya msimu mzima. Akabonyeza, na duara likabaki katikati, halijui chochote.

Wakaanza upya kabisa. Mshale wa kulia: kinyanyue kibendera. Mstari wa shavu ukaruka juu.

"Kadi ya njano!" mke wa Refa alipiga kelele.

Mshale mwingine. Mstari ukaruka.

"Njano ya pili, huyo nje! Wee bwana, filimbi nilishaigawa, acha kuitafuta!"

Bi Kofia alitaka kumwomba apunguze sauti, kisha akaona kwamba taya la mzee lililegea kila mkewe alipomtania. Akamwacha. Taratibu mstari ukaanza kulala. Uso wa Refa ulilegea mpaka mdomo ukabaki wazi na mate yakamtoka, mkewe akayafuta bila kukatisha maneno yake. Duara lenyewe lilizurura. Lilikwenda kulia lilipoombwa kushoto, likasimama, likarudi. Walifanya kazi hiyo mpaka mashine za jirani zikawafukuza, wakasubiri, wakafanya tena, na Refa alipofikia hali ya kutoweza kuzifungua kope, wakaacha.

Alhamisi wageni walikuja wakiwa wamevaa vizuri kuliko chumba kilivyostahili. Walibanana ukutani, wakipishana na toroli. Profesa aliwakaribisha kwa maneno machache, akamwachia Bi Kofia nafasi, kisha akasimama nyuma kabisa akitazama dari.

Angeweza kuanza na duara. Alianza na taya. Aliwaeleza matokeo waliyotumiwa yalikuwa yamepima nini hasa, na jinsi hilo lilivyogunduliwa, pamoja na kijiko cha viazi. Mmoja wao, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliivaa ili amtazame vizuri.

"Kwa hiyo matokeo mliyotuletea si sahihi."

"Si sahihi."

"Na haya ya leo?"

"Haya ni ya kweli. Ni mabaya, lakini ni ya kweli."

Yalikuwa mabaya kweli. Mishale ilikuja, Refa akanyanyua kibendera chake mbele ya macho yao na hakuna aliyekiona, na duara likazunguka palepale katikati kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Mara chache lilikwenda lilikotakiwa. Mara nyingi halikwenda. Mstari wa shavu tu ndio uliokuwa safi. Mke wa Refa hakutania hata mara moja. Alikuwa amevaa gauni lake la kutokea na mikono yake ilikuwa imeukaba ubao kama anayezuia mlango.

Wageni walishukuru. Mama mwenye miwani alimshika Refa begani akaliacha bega polepole, kama watu wanavyofanya wakiogopa kuvunja kitu. Kisha wakatoka na Profesa kwenda kumwona msusi. Jibu halikuchelewa, Profesa alirudi peke yake, akaegemea mwimo wa mlango.

"Wameipeleka kwa msusi," alisema. "Ni haki yake. Mashine hii kubwa inabaki hapa, na mzee anaweza kuja mchana wowote ambao chumba kiko wazi, kwa muda wote anaotaka. Hilo nimelitaka mimi, nao wamekubali." Kisha akaenda zake.

"Haya," mke wa Refa alisema. Aliketi, akavua viatu. "Tumefungwa. Tena nyumbani kwetu."

Bi Kofia alimtundikia Refa kengele ya taya aliyomwahidi, waya mwembamba kutoka shavuni hadi kwenye kisanduku kidogo cha plastiki. Alimwonesha: ng'ata, inaita. Refa aling'ata na kengele ikaita kwa sauti kali, ya kuudhi, iliyofanana sana na filimbi. Mkewe akaziba masikio.

"Mungu wangu. Wamemrudishia."

Iliita tena, mara mbili, kwa haraka. Kisha macho yakainuka. Mkewe alichukua ubao kwa mguno. Kidole kilipita safu, kikasimama, kikapita. Kope zilikuwa nzito, na mara mbili ilibidi aanze neno upya. N. Y. O. N. G.

"Nyongeza," alimalizia mwenyewe, akauweka ubao mapajani. "Dakika za nyongeza. Ndivyo alivyo, mwanangu. Hakuna mechi aliyoimaliza kwa wakati. Watu wanataka kwenda makwao, jua linazama, wachezaji wenyewe wamekaa chini, yeye anatazama saa."

"Amechoka, mama. Hata macho hayafunguki."

"Mwambie yeye."

Bi Kofia alimtazama mzee. Alifikiria kitanda chake. Kisha akainua beseni kutoka mahali lilipopinduliwa, akalijaza maji, akaweka chumvi, akapima kwa kiwiko. Kofia ilikuwa bado na unyevu wa asubuhi. Aliikamua, akaivalisha juu ya nywele za Refa zilizonata, akasogeza sifongo moja baada ya nyingine mpaka kila moja ikakaa mahali pake. Ile kengele aliizima.

Mshale wa kulia ukatokea.

Duara lilikaa katikati kwa muda mrefu. Upande wa pili wa ukuta hakukuwa na kitu kinachozunguka. Siku ya kufua ilikuwa imekwisha. Refa alikuwa amefumba macho kabisa, mdomo wazi, uso umelala kama wa mtu aliyesinzia baada ya kukimbia mstari mzima kwenda na kurudi. Ndipo duara likasogea. Lilikwenda kulia, si kwa kasi, likasita, likaendelea, mpaka likafika ukingoni. Chini yake mstari wa shavu ulikuwa umenyooka kama chokaa uwanjani.

Mke wa Refa alifungua kinywa apige kelele, akakifunga. Akamfuta mumewe mate kwa ncha ya taulo.

Bi Kofia alisogea karibu na skrini. Huenda ilikuwa kubahatisha. Sarafu nayo huangukia upande fulani. Alibonyeza kitufe, mshale mwingine ukatokea, safari hii wa kushoto, nao wote watatu wakasubiri.